Mgeni wa Regetoni Aanzie Wapi?

Mgeni aingiaye mji kwa upande wa bandari na mgeni aingiaye kwa upande wa mashamba hawauoni mji mmoja. Wa kwanza hulakiwa na maghala na taa. Wa pili hupita kwanza penye visima na makaburi, na penye vibanda vya wale waliofyeka msitu mji ukapata mahali pa kusimama. Muziki nao una milango yake, na amwongozaye mgeni ndiye amchaguliaye mlango. Kwa hiyo orodha ya nyimbo za lazima, ambayo watu wengi huidhania kuwa kijambo cha burudani, ni ushahidi. Ushahidi waweza kuwa wa kweli, waweza kuwa wa uongo, na waweza kuwa nusu ya kweli, ambayo aghalabu hudhuru kuliko uongo mtupu, kwa maana uongo mtupu hukanushwa upesi.

Muziki unaohusika hapa ni regetoni, muziki wa lugha ya Kihispania uliozaliwa katika pwani na visiwa vya Karibi, na ambao kwa miaka zaidi ya ishirini umejaza redio, karamu na simu za vijana katika mabara yote. Moyo wake ni pigo moja liitwalo dembo. Chini hupiga ngoma nzito, sawasawa na hatua za mtu atembeaye. Juu yake hugonga ngoma kavu kwa mafungu ya tatu, tatu na mbili, ikivutana na ile ya chini kama mtu atakaye kwenda na mtu asiyetaka kuachwa. Juu ya mvutano huo mwimbaji nusu huimba na nusu hughani, kwa ufokaji wa maneno uliotoka katika rapu. Humo ndimo ulimo utamu wa regetoni, na mcheza dansi huujua kwa kiuno kabla msomi hajaujua kwa kalamu.

Kila mwaka huandikwa orodha za kumwonyesha mgeni nyimbo na waimbaji ambao hapaswi kuwakosa. Orodha hizo hufanana kama sarafu zilizotoka katika kalibu moja. Huanza na "Gasolina" ya Daddy Yankee, ya mwaka 2004. Huruka hata "Despacito" ya Luis Fonsi na Daddy Yankee, ya mwaka 2017. Hupita Medellín kumwamkia J Balvin. Hutua kwa Bad Bunny, na hapo hufunga daftari. Kipimo chake ni hesabu: wimbo uliosikilizwa mara nyingi zaidi ndio wa lazima zaidi. Kosa la orodha hizo haliko katika majina zinayoyataja, kwa kuwa majina hayo yana haki yake. Kosa liko katika yale zinayoyanyamazia. Zimemnyamazia Mpanama mweusi, zimeinyamazia sauti ya mwanamke, na zimevinyamazia virungu vya polisi.

Hesabu yenyewe ni shahidi dhaifu. "Despacito" ilitoka Januari 2017, ikapendwa sana na wasema Kihispania. Mwezi wa Aprili ikatolewa mara ya pili, Justin Bieber akiwa ameongezwa. Ndipo ilipopanda kileleni mwa chati kuu ya Marekani ikakaa juma kumi na sita. Pigo lilikuwa lile lile na tuni ile ile. Kilichozidi kilikuwa maneno ya Kiingereza na jina la mtu aliyekwisha kujulikana. Basi hesabu hupima upana wa barabara aliyopitishwa mtu, wala haipimi urefu wa kimo chake. Mwongozaji ategemeaye hesabu peke yake humwambia mgeni jambo ambalo soko limekwisha kumwambia, naye hastahili kuitwa mwongozaji, ni mwangwi.

Habari ya Panama itangulie, kwa kuwa ndiyo iliyodhulumiwa zaidi. Wamarekani walipouchimba mfereji kati ya mwaka 1904 na 1914, makumi ya maelfu ya vibarua weusi walitoka Barbados, Jamaica na visiwa vingine vya Karibi kwenda kuufanyia kazi. Mishahara iliandikwa katika madaftari mawili: la dhahabu, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la Wamarekani weupe, na la fedha, lililokuwa la weusi, na mgawanyo huo ukaingia mpaka katika maduka, shule na nyumba. Watoto na wajukuu wa watu wa daftari la fedha walikulia Colón na katika mitaa ya Jiji la Panama, wakisema Kihispania njiani na Kiingereza cha visiwani nyumbani. Rege ya Jamaica ilipowafikia, iliwafikia kama barua ya ndugu. Wakaijibu kwa Kihispania.

Jibu hilo ndilo mwanzo wa habari yote. Mwaka 1985 Renato aliimba "El D.E.N.I.", wimbo uwahusuo polisi wapelelezi wa nchi iliyokuwa wakati huo chini ya mkono wa wanajeshi. Baada yake alisikika Nando Boom. Kisha akaja Edgardo Franco, aliyejiita El General, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alizitoa "Te Ves Buena" na "Muévelo", akivaa mavazi ya kijeshi kwa mzaha na kuimba kwa sauti ya amri mambo yasiyokuwa na amri ndani yake. Nyimbo hizo zilichezwa katika nchi nyingi za Kihispania, miaka zaidi ya kumi kabla ya "Gasolina". Orodha iitwayo ya lazima isiyomtaja hata mmoja katika hao ni kama nasaba ianzayo kwa mjukuu.

Pigo lenyewe lina wazazi wanaojulikana. Mwaka 1989 wapigaji wawili wa Jamaica, Steely na Clevie, walitengeneza tuni iliyoitwa "Fish Market", na pigo lake ndilo lililotumika katika wimbo wa Shabba Ranks uitwao "Dem Bow", ambao ulilipa pigo jina lake la leo. Wimbo huo ukaimbwa upya kwa Kihispania na Nando Boom, New York, na pigo la toleo lile, bila ya maneno, likawa ndilo lililonakiliwa tena na tena na vijana wa Puerto Rico. Mwaka 2021 Clevie, pamoja na warithi wa Steely, aliyefariki mwaka 2009, walipeleka madai mahakamani huko Marekani. Madai yakapanuka hata kugusa nyimbo zaidi ya elfu moja. Mahakama ina kazi yake, na hukumu ya sheria haifanani siku zote na hukumu ya historia. Walakini lisilokanika ni kwamba nyimbo elfu moja haziwezi kushitakiwa kwa pigo moja kama pigo lile halikuwa na mwenyewe anayetafutwa.

Yasidhaniwe kwamba kuwataja wazee ni kuwatakasa. "Dem Bow" ni wimbo wa kukataa kuinama. Hukataa kuuinamia ukoloni, na papo hapo huwadharau wapenzi wa jinsia moja, kana kwamba heshima ya mtu mmoja haipatikani ila kwa aibu ya mwingine. Mwongozaji mwaminifu hauondoi wimbo huo katika orodha kwa ajili ya ila yake, wala haifichi ila yake kwa ajili ya umaarufu wa wimbo. Humwambia mgeni yote mawili, akamwachia masikio na akili.

Kutoka Panama na New York pigo lilivuka hadi Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani tangu mwaka 1898. Huko Vico C alikuwa amekwisha kuifundisha rapu kusema Kihispania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachezesha santuri kama DJ Playero na DJ Negro wa klabu ya The Noise walikusanya vijana wa nyumba za serikali za maskini, wakawarekodi katika kanda zilizonakiliwa majumbani na kuuzwa mkono kwa mkono. Daddy Yankee mwenyewe alitoka katika kanda hizo. Hakushuka kutoka mbinguni mwaka 2004. Muziki huo uliitwa wa mafichoni, na jina hilo halikuwa pambo. Gavana Pedro Rosselló, aliyeingia madarakani mwaka 1993, alianzisha siasa ya mkono mgumu dhidi ya uhalifu na kuwapeleka askari wa akiba katika nyumba zile zile zilizotoa waimbaji. Mwaka 1995 polisi wakaingia katika maduka ya muziki ya San Juan, wakachukua mamia ya kanda kwa hoja kwamba zilivunja sheria ya uchafu wa maneno.

Uchafu ulikuwamo katika nyingi ya kanda zile, na kukana ni kujidhihaki. Walikuwamo pia wauzaji wa dawa na bunduki zao. Lakini kijana wa nyumba za serikali hakuzivumbua bunduki kwa kuzifoka, alizikuta mlangoni. Serikali iliyoshindwa kuziondoa bunduki katika ngazi za nyumba ilifanikiwa kuziondoa kanda katika makabati ya maduka, ikahesabu hayo kuwa ushindi. Mwaka 2002 jambo likarudi katika Seneti, ambapo Seneta Velda González aliongoza vikao juu ya video za regetoni na dansi yake iitwayo pereo. Miaka miwili baadaye muziki uliohojiwa kama mshitakiwa ulikuwa unauzwa duniani kote kama fahari ya kisiwa. Mgeni asiyeelezwa hayo huidhani "Gasolina" kuwa mwanzo wa karamu, na hali ilikuwa mwisho wa kifungo.

Linabaki shitaka la tatu, nalo ni la wanawake. Martha Pesante, ajulikanaye kwa jina la Ivy Queen, aliingia The Noise miongoni mwa wanaume watupu, na wimbo wake wa kwanza wa sifa, "Somos Raperos Pero No Delincuentes", ulitamka katika jina lake kwamba wafokaji si wahalifu. Hivyo mtetezi wa wote, wakati wa kanda kukamatwa, alikuwa mwanamke. Mwaka 2003 alitoa "Quiero Bailar", ambamo mwanamke humweleza mwanamume kwamba kucheza naye si ahadi ya kulala naye. Somo hilo vitabu vingi vya adabu vimelieleza kwa kurasa mia bila kueleweka. Ivy Queen alilieleza kwa pigo, likaeleweka. Hata hivyo orodha za hesabu humweka mkiani, kama zikimweka, na humwita malkia kwa sababu ya jina lake badala ya kazi yake.

Yaliyompata Glory ni makubwa zaidi. Katika "Gasolina" kuna sauti ya mwanamke imjibuyo mwimbaji, na jibu hilo ndilo linalokumbukwa hata na watu wasiojua neno jingine la Kihispania. Sauti hiyo ni ya Glory, na jina lake halikuwekwa pamoja na la mwimbaji. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo katika daftari la sauti za kuhifadhiwa milele, ukiwa wa kwanza wa regetoni kupata nafasi hiyo. Sauti ikahifadhiwa, mwenye sauti akabaki kutafutwa na wadadisi. Mwaka 2020 Bad Bunny alitoa "Yo Perreo Sola", wimbo wa kumtetea mwanamke atakaye kucheza peke yake bila kuudhiwa. Kiitikio chake kiliimbwa na mwanamke aitwaye Nesi, na katika toleo la kwanza jina lake halikuwamo. Katika toleo la pili la mwaka huo huo jina la Nesi liliandikwa, na pamoja nalo la Ivy Queen. Miaka kumi na sita ilipita kati ya kosa la kwanza na la pili, na katika miaka hiyo orodha zilikuwa zikiandikwa bila kukoma. Lau moja katika kumi ingaliuliza ile sauti ya "Gasolina" ni ya nani, yamkini kosa la pili lingaliona haya kutokea.

Kuna watakaosema kwamba mgeni hataki historia. Ataka raha, na wimbo wa dansi humpa raha yake bila cheti cha kuzaliwa. Hoja hii ina uzito, na pwani ya Afrika ya Mashariki yaweza kuitolea ushahidi. Santuri za G.V., zilizoleta nyimbo za Kuba katika Afrika tangu miaka ya 1930, zilichezwa Kongo na Afrika ya Mashariki na watu wasiojua Kihispania, wala Kuba iko wapi, na kutokana na raha hiyo isiyouliza yakatoka mavuno makubwa ya muziki. Wacheza dansi wale hawakutenda kosa lolote. Lakini wale hawakuwa na mwongozaji. Walikuwa na santuri na masikio tu. Asiyeuliza njia hana deni. Ajitoleaye kuonyesha njia ana deni, na deni hilo hulipwa kwa kutaja walioikata. Tena si kweli kwamba wazee hawana raha. Atakayesikiliza "Muévelo" akabaki ameketi asiulaumu mwaka wa wimbo. Aulaumu mguu wake.

Wengine watasema kwamba kabila la regetoni halijulikani: Wapanama husema ni wao, Wapuerto Rico husema ni wao, Jamaica hudai pigo, New York hudai chumba cha kurekodia, na kwa hiyo afadhali kuanza pale ambapo wote wamekubaliana. Huo ni uvivu uliovaa joho la haki. Mto wenye vijito vinne hauitwi usiokuwa na chimbuko. Jamaica ilitoa pigo, Panama ikatoa lugha, New York ikatoa mahali pa kukutania, na Puerto Rico ikatoa sura, jina na stahamala ya kupigwa bila kunyamaza. Kila mmoja apewe lake, wala hapana atakayepungukiwa.

Basi orodha ya haki yaweza kuandikwa, na yaweza kuwa fupi. Mgeni aanze na "Dem Bow" ya Shabba Ranks, alijue pigo na ila yake. Afuate "El D.E.N.I." ya Renato, aijue Panama iliyoimba chini ya askari. Ya tatu iwe "Te Ves Buena" au "Muévelo" ya El General, apate cheko. Ya nne iwe kanda ya Playero 37, yenye sauti hafifu na kelele za chumbani, ili ajue muziki huu ulivyokuwa kabla ya kuoshwa. Ya tano iwe "Somos Raperos Pero No Delincuentes" ya Ivy Queen. Ya sita iwe "Loíza", katika albamu ya Tego Calderón ya mwaka 2002 iitwayo El Abayarde. Mji wa Loíza ni mji wa watu weusi wa Puerto Rico na wa ngoma yao ya bomba, na Tego, ambaye mwaka 2007 aliandika katika gazeti la New York Post juu ya fahari ya weusi, aliitia ngoma ya mababu ndani ya muziki uliokuwa unaanza kusahau rangi yake. Ya saba iwe "Quiero Bailar". Ndipo ya nane, kwa heshima zote, ije "Gasolina", na jina la Glory litajwe pamoja nayo. Ya tisa iwe "Yo Perreo Sola" katika toleo lake la pili. Ya kumi iwe "El Apagón" ya Bad Bunny, ya mwaka 2022, iliyopewa jina la kukatika kwa umeme, ambayo video yake hugeuka kuwa taarifa ya mwandishi Bianca Graulau juu ya watu wa kisiwa wanaoondolewa katika nyumba zao ili wenye fedha wapate pwani. "Despacito" na nyinginezo zaweza kufuata, kama maghala yanavyofuata visima. Mgeni atakuwa amekwisha kujua maji yatoka wapi.

Faida ya orodha hiyo yaweza kupimwa kwa usiku mmoja, tarehe 24 Julai 2019. Watu wa Puerto Rico walikuwa wamejaa mabarabarani karibu majuma mawili, wakimtaka gavana ajiuzulu baada ya kufichuka kwa kurasa 889 za mazungumzo yake na wenzake, yaliyojaa matusi kwa wanawake na wapenzi wa jinsia moja, na mzaha juu ya waliokufa katika kimbunga cha mwaka 2017. Usiku ule vijana, na wengi wao wapenzi wa jinsia moja, walicheza pereo mbele ya kanisa kuu la San Juan, wakaliita pereo la mapambano. Na usiku ule ule gavana akatangaza kwamba anaondoka. Gavana huyo aliitwa Ricardo Rosselló, mwana wa Pedro Rosselló, yule wa mkono mgumu. Aliyeongozwa kwa hesabu, akiitazama picha ya usiku ule, ataona vijana wasio na adabu mbele ya nyumba ya ibada. Aliyeongozwa kwa haki ataona pigo lililoitwa kwa jina la wimbo uliowadharau watu fulani likichezwa na watu hao hao, katika mji ambamo baba alikamata kanda na mwana akaondoka huku zikipigwa.